Mdogo wangu ana pengo kwenye fuvu, na mama anataka kuuza shamba

Barua ya wiki hii imetoka Tanga. Nimeifupisha kidogo na kuondoa majina, mengine nimeyaacha kama alivyoyaandika.

Shikamoo mama,

Mdogo wangu wa kiume ana miaka 24, alikuwa dereva wa bodaboda. Huu ni mwezi wa nane tangu agongane na lori usiku, njia ya Muheza. Kofia ngumu alikuwa nayo, ila aliitundika kwenye usukani wa pikipiki. Alifikishwa hospitali kubwa akiwa hajitambui, tukaambiwa ubongo umevimba na lazima wamfungue fuvu upande wa kushoto kuokoa maisha. Tukasaini. Alikaa ICU, akaamka, tukamshukuru Mungu.

Kile kipande cha fuvu walisema kimehifadhiwa kwenye friza na atarudishiwa baada ya miezi michache. Tuliporudi kliniki tukaambiwa hakifai tena, umeme ulikatika na friza haikushika baridi. Hakuna aliyetuomba radhi, tuliambiwa tu "mtatafuta kitu cha kuziba". Kwa hiyo sasa kuanzia juu ya sikio la kushoto hadi karibu na utosi hana mfupa. Ukiweka kiganja unasikia mapigo.

Kinachonitisha ni kwamba mwanzoni palikuwa pametuna, sasa pamebonyea. Akilala panajaa kidogo, akikaa au kusimama panazama kabisa, na ikifika alasiri kichwa kinamuuma mpaka anarudi kitandani. Mkono wa kulia ulikuwa umeanza kupata nguvu kwa mazoezi, alikuwa anashika kijiko mwenyewe. Mwezi uliopita umerudi nyuma, kijiko kinamponyoka. Hata maneno yanamtoka taratibu kuliko siku alipotoka hospitali. Nje hatoki. Mtoto wa jirani alimuuliza nusu ya kichwa chake imekwenda wapi, tangu hapo anashinda chumbani na kofia ya sufi, joto hili la Tanga.

Nyumbani kila mtu ana lake. Daktari wa kliniki alisema anaweza kumwekea simenti ya mfupa. Mama kusikia simenti akalia, akadhani ni ya kujengea. Baba mdogo yuko Muscat, ametutumia video za titani inayotengenezwa kwa mashine ya 3D, anasema lazima mtoto apelekwe India awekewe titani, mengine ni kupoteza muda. Mama anataka kuuza shamba la michungwa la Muheza, na ndilo linalotulisha na kumsomesha mdogo wetu wa mwisho. Mnunuzi keshapatikana. Kaka yetu mkubwa naye amekutana na kijana mwenye karakana ya 3D huko Dar, anasema tukimpa CD ya CT atatuchapia kifuniko cha plastiki kwa laki tatu, sisi tumpelekee daktari akiweke. Na bibi anauliza kama hicho kitu kina mfupa wa mnyama, hataki mjukuu wake atembee na najisi kichwani.

Mama, tumsikilize nani? Na je, tunaweza kusubiri hadi msimu wa machungwa tupate hela?

Dada mtu, Tanga

Marahaba mwanangu,

Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ndilo lenye haraka. Hapana, msisubiri msimu wa machungwa.

Dalili ulizoziandika umeziweka moja moja, lakini kwetu tuliofanya kazi na wagonjwa wa aina hii zinasomeka pamoja. Pengo lililokuwa limetuna limezama. Kichwa kinauma akiwa wima na kinatulia akilala. Mkono uliokuwa unapona umerudi nyuma. Maneno yamepungua kasi. Madaktari Grant na Norcross waliandika kuhusu hali ya watu waliobaki na pengo kwenye fuvu tangu mwaka 1939, na leo inafahamika vizuri zaidi. Fuvu la mtu mzima halitanuki. Ubongo ukivimba baada ya ajali hauna pa kwenda, unabanwa hadi damu inashindwa kupita, ndiyo maana mdogo wako alitolewa kipande kikubwa cha mfupa. Hilo lilimwokoa. Uvimbe ukishaisha, uwazi ule ule unaanza kuleta shida nyingine: mgandamizo wa hewa ya nje unasukuma ngozi, ngozi inasukuma ubongo, damu inapungua upande ule, na yale majimaji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo hayatembei inavyopasa. Akisimama yanashuka, na pengo linazidi kuzama.

Habari njema ni kwamba hali hii mara nyingi hurudi nyuma pengo likizibwa. Wapo wagonjwa ambao mkono au usemi wao huanza kubadilika ndani ya siku au wiki chache baada ya operesheni. Siwezi kukuahidi kwamba itakuwa hivyo kwa mdogo wako, maana ubongo ulioumizwa na ajali yenyewe hauponywi na kifuniko. Ila watu wengi, hata baadhi yetu wahudumu wa afya, huchukulia kuziba fuvu kuwa ni suala la sura, likapangwa mwisho wa foleni. Kwa mdogo wako ni tiba, na daktari anapaswa kuambiwa hivyo.

Kwa hiyo wiki hii, bila kungoja tarehe iliyoandikwa kwenye kadi, mrudisheni kliniki ya upasuaji wa ubongo. Mweleze daktari kama ulivyonieleza mimi: alikuwa anashika kijiko, sasa hashiki, akilala nafuu, akikaa maumivu. Maneno hayo yana uzito kuliko kusema "hali yake si nzuri". Watataka kipimo cha CT kipya na huenda vingine, kwa sababu damu iliyovuja polepole, majimaji yaliyokusanyika au kifafa kisichoonekana kwa macho vinaweza kuleta dalili zinazofanana, na kila kimoja kina dawa yake. Majimaji yakiwa yamejaa kupita kiasi, hilo hushughulikiwa kwanza, au pamoja na fuvu. Akianza kutapika, akawa mzito kuamka, akapata degedege au homa, au pengo likatuna na kukaza hata akiwa amekaa, msingoje asubuhi. Mpelekeni usiku huo huo.

Mkiwa mnangoja operesheni, ile kofia ya sufi haimlindi. Anahitaji kofia ngumu nyepesi, ya baiskeli inatosha, iliyowekwa sponji pembeni ili isiguse wala kubana pale palipobonyea. Aivae kila anapotoka kitandani, hata kwenda chooni, maana mguu na mkono wa upande mmoja vikiwa dhaifu ndipo mtu anapoanguka. Asilalie upande wa kushoto. Asipande pikipiki hata kama abiria. Asiogelee Raskazone, hata kama bahari imetulia, kwa hofu ya degedege. Dawa za kuzuia kifafa, kama alipewa, asiache hata siku moja bila kuambiwa na daktari. Na kovu lile lisipakwe majani, mafuta wala dawa ya unga ya mtu yeyote. Naomba hili mlishike sana, kwa sababu ngozi hiyo ndiyo itakayofunika kitu kipya, na ngozi ikiingia vijidudu hata titani ya bei ya nyumba itatolewa.

Sasa kuhusu kile kipande cha friza. Mna haki ya kukasirika, na mna haki ya kuandika barua kwa mganga mfawidhi mkaomba maelezo kwa maandishi. Mfupa wa mgonjwa ni wake. Kwa kawaida huhifadhiwa kwenye friza yenye baridi kali sana, mara nyingi nyuzi 80 chini ya sifuri, na mahali pasipo na umeme wa uhakika wapo madaktari wanaoushona chini ya ngozi ya tumbo la mgonjwa mwenyewe mpaka utakapohitajika. Lakini msijitese kwa kuamini kwamba mfupa ule ungemaliza kila kitu. Hata ukirudishwa ukiwa salama, wakati mwingine mwili huula taratibu, hasa kwa watoto na hasa mfupa uliovunjika vipande, na mgonjwa hurudi mezani baadaye kuwekewa kipandikizi. Andikeni barua yenu, ila isiwacheleweshe.

Mwambie mama afute machozi. Simenti ya mfupa haina undugu na ile ya kujengea ya Pongwe. Ni akriliki, plastiki ya jamii moja na ile ya waridi inayotengenezewa ufizi wa meno ya bandia, na imekuwa ikitumika kuziba mafuvu tangu miaka ya 1940. Inakuja vitu viwili, pakiti ya unga na kichupa cha maji yenye harufu kali. Ukipita saluni wanapobandika kucha utakutana na harufu ya jamii hiyo. Vinachanganywa kwenye bakuli safi mezani kwetu. Mwanzo ni uji, kisha unavuta nyuzi, kisha unakuwa donge ambalo haling'ang'anii tena kwenye glovu. Hapo daktari ana dakika chache tu za kulipa umbo, kwa sababu linapoanza kukauka linatoa joto linaloweza kupita nyuzi 70. Muuguzi anasimama na maji ya chumvi akilimwagia mfululizo ili joto lisifike kwenye ubongo. Likishakauka ni gumu kweli kweli, unaligonga na linalia.

Udhaifu wa njia hii, ikifanywa kwa mkono juu ya kichwa, ni umbo. Pengo dogo linazibika vizuri. Pengo kama la mdogo wako, kutoka sikioni hadi utosini, lina mzunguko mgumu, na daktari anakadiria kwa jicho huku dakika zinakwisha. Nimeona yaliyotoka safi, na nimeona yaliyobaki na ukingo unaoonekana kwenye paji la uso, ukingo unaosukuma ngozi kutoka ndani kwa miaka.

Hapa ndipo nataka wewe, mama, kaka na baba mdogo mnisikilize kwa makini. Kilicho kipya katika hizo video za Muscat ni kipimo, kuliko madini yenyewe. Mashine ya CT inampiga mgonjwa picha za vipande vyembamba, vya milimita moja au chini ya hapo. Picha hizo huingizwa kwenye programu ya kompyuta, na ipo ya bure iitwayo 3D Slicer, ikatenganisha mfupa na vingine vyote. Kwa kuwa upande wa kulia wa fuvu la mdogo wako ni mzima, kompyuta inaunakili na kuugeuza kushoto, kisha inatoa umbo la kile tu kinachokosekana, pamoja na kingo zake zote. Ukishakuwa na umbo hilo kwenye kompyuta, unaweza kulitengeneza kwa kitu chochote kinachofaa mwilini. Titani ni mojawapo, na akriliki ya daktari wenu nayo ni mojawapo.

Namna ya kufanya hivyo kwa akriliki ni kutengeneza kalibu. Fundi anachapa kwa 3D umbo la kifuniko au kalibu yenye pande mbili, mara nyingi inatolewa nakala ya silikoni inayostahimili kuchemshwa kwa mvuke, na siku ya operesheni donge la akriliki linakandamizwa ndani ya kalibu hiyo pale mezani. Linakauka humo humo. Joto linabaki kwenye kalibu badala ya kichwani, harufu na kemikali zinapungua kabla kifuniko hakijamgusa mgonjwa, na kinachotoka kina umbo la fuvu lake. Kisha kinatobolewa matundu madogo ili damu na majimaji yasijikusanye chini yake, utando wa ubongo unashikizwa kwa nyuzi kupitia matundu hayo, na kifuniko kinafungwa kwenye mfupa kwa vibamba vya titani na skrubu za milimita chache. Madaktari wa nchi nyingi zenye bajeti ndogo wanafanya hivi na wameandika matokeo yao. Mkimuuliza daktari wenu swali moja tu, liwe hili: "Simenti utaiunda kwa mkono, au kwa kalibu iliyotokana na CT yake?" Akisema kwa mkono, mwombeni rufaa ya kwenda kwenye hospitali ya kanda au Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, mkaulize swali hilo hilo huko. Kuomba rufaa si kumdharau daktari. Kwa pengo kubwa namna hii ni ombi la kawaida.

Na kuhusu CT, jambo dogo linaloangusha familia nyingi. Filamu ile nyeusi mnayopewa kwenye bahasha haitoshi kutengenezea kitu, na CT ya siku ya ajali peke yake haitoshi kwa sababu wakati ule mfupa ulikuwa bado upo, kwa hiyo haionyeshi pengo wala kingo zake. Inatakiwa CT mpya, na mwombeni mtaalamu wa mionzi kabla hajaanza, si baada, kwamba inahitajika ya vipande vyembamba kwa ajili ya kutengeneza kipandikizi cha fuvu. Chukueni CD, toeni na nakala kwenye flashi. Familia imewahi kurudia kipimo kizima kwa gharama yake kwa sababu picha zilihifadhiwa kwa vipande vinene vya milimita tano na za mwanzo zikawa zimeshafutwa kwenye mashine.

Kijana wa karakana ya Dar simlaumu, na huenda ana ujuzi tunaouhitaji. Lakini kifuniko cha laki tatu asiwatengenezee, na mkikileta hakuna daktari makini atakayekiweka. Plastiki inayotumika sana kwenye printa hizo, PLA, inatokana na wanga wa mimea kama mahindi na huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi. Sisi vifaa vyetu tunavichemsha kwa mvuke wa nyuzi 121 au 134. Kifuniko hicho kitapinda ndani ya mashine kabla hata hakijafika chumba cha upasuaji. Mkisema kisichemshwe, kati ya tabaka na tabaka kuna vijinafasi ambavyo vijidudu vinajificha, na hakuna sabuni itakayovifikia. Anachoweza kufanya, tena kwa faida kubwa, ni kalibu, au modeli ya fuvu la mdogo wako la ukubwa ule ule. Modeli hiyo daktari anaishika mkononi, anapanga operesheni, na kama ana wavu wa titani ulio bapa anaukunja juu ya modeli mpaka ukae sawasawa. Mpeni namba yake daktari, wazungumze wao wawili. Daktari ndiye aseme nini kichapwe, kwa plastiki gani, na kitatakaswaje.

Titani sasa. Baba mdogo hajakosea kuisifu. Unga wa titani husambazwa kwa tabaka nyembamba kuliko unywele, mwale wa leza ukauyeyusha pale tu panapotakiwa, tabaka juu ya tabaka mpaka kifuniko kitimie. Ni imara, haishiki kutu mwilini, haivutwi na sumaku, na mgonjwa anaweza kufanyiwa kipimo cha MRI baadaye mradi awaonyeshe kadi ya kipandikizi chake. Ipo pia plastiki ya hali ya juu iitwayo PEEK, ambayo haizuii picha za eksirei, na daktari anaweza kuichonga kidogo mezani isipokaa vizuri. Dada yake PEKK ndiyo iliyochapwa kwa mashine na kuruhusiwa na FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, mwaka 2013, na mwaka huo huo mgonjwa mmoja huko aliwekewa kipandikizi chake kilichochukua asilimia 75 ya fuvu. Mwaka 2014 timu ya Dk. Bon Verweij huko Utrecht, Uholanzi, ilitangaza kumwekea mwanamke wa miaka 22 sehemu yote ya juu ya fuvu iliyochapwa kwa plastiki. Hayo ni maendeleo ya kweli, na nayafurahia kwa dhati.

Lakini hakuna kati ya hivi kilichotangazwa mshindi. Tafiti zinazolinganisha titani, PEEK, akriliki na mfupa wa mgonjwa mwenyewe zinapishana, na maambukizi hupata vyote. Titani inaweza kuila ngozi iliyo nyembamba hadi ikachungulia nje. PEEK haishikani na mfupa, inategemea skrubu zake maisha yote. Akriliki nayo haishikani na mfupa, na inaweza kupasuka ikipigwa vibaya. Kinachoamua zaidi ni ngozi nzima, usafi wa chumba, mkono wa daktari, wakati wa operesheni na umbo linalokaa bila kusukuma. Manne kati ya hayo hayanunuliwi kwa kubadilisha madini.

Ndiyo maana nasema msiuze shamba kwa ajili ya India. Fikirini yatakayofuata. Matatizo mengi ya operesheni hii, kama kidonda kuvuja, uvimbe au usaha, hujitokeza wiki au miezi baadaye, mgonjwa akiwa amesharudi Tanga na daktari aliyemfungua yuko ng'ambo. Mtakwenda kwa daktari ambaye hakuona kilichofanyika. Na mtu mwenye pengo lililozama hapandishwi ndege kabla daktari wake hajasema sawa. Iwapo mabingwa wa hapa wataona kwamba mdogo wako anahitaji titani au PEEK hasa, labda kwa sababu ya ukubwa wa pengo au kwa sababu kifuniko cha kwanza kilishindikana, basi picha za CT hutumwa kwa kampuni kwa njia ya mtandao, kifuniko kikatengenezwa huko na kuletwa kwenye kifurushi. Kipandikizi ndicho kinachosafiri, mgonjwa anabaki karibu na mama yake. Ulizeni hilo kabla ya kuuliza bei ya tiketi.

Bibi naye ana swali la maana, na msimpuuze. Akriliki, titani na PEEK havina chembe ya mnyama. Kuna jambo moja la kuuliza: wakati mwingine utando wa ubongo umechanika na daktari huuziba kwa kitambaa maalumu, na baadhi ya vitambaa hivyo hutokana na ng'ombe au nguruwe. Vipo visivyotokana na mnyama, na mara nyingi utando wa mgonjwa mwenyewe kutoka chini ya ngozi ya kichwa unatosha. Mwambieni daktari mapema, atachagua. Likibaki shaka, sheikh wenu yupo. Hofu ya bibi ni ya zamani kuliko sisi sote: katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1668, daktari Mholanzi, Job van Meekeren, aliandika habari za mheshimiwa mmoja wa Urusi aliyezibwa fuvu kwa mfupa wa mbwa, kanisa likamtenga. Leo hakuna haja ya kufika huko.

Yapo ambayo kifuniko hakitafanya, na ni bora myajue sasa. Pale juu ya sikio, kwenye panda la uso, huenda pakabaki na kishimo hata baada ya operesheni nzuri, kwa sababu msuli wa kutafunia uliofunguliwa siku ya ajali husinyaa. Si kwamba kifuniko kimekosewa. Degedege inaweza kuendelea, na kuna wanaopata ya kwanza baada ya operesheni hii, kwa hiyo dawa haziachwi. Mazoezi ya mkono na ya kusema lazima yaendelee, tena hapo ndipo yanapozaa. Na kovu litazamwe kila mnapomwogesha kwa mwaka mzima: wekundu unaoenea, majimaji, harufu, sehemu inayouma upya. Likionekana lolote, kliniki siku hiyo hiyo.

Jambo jingine, mwanangu, na hili nimelifikiria zaidi ya yote. Katika barua yako nimemsikia mama, baba mdogo, kaka, bibi na wewe. Yeye sijamsikia. Ana miaka 24 na akili zake anazo, ila maneno yanachelewa. Kaa naye asubuhi, kabla kichwa hakijaanza kuuma, umuulize kwa sentensi fupi, halafu ungoje jibu bila kumsaidia kulimalizia. Mweleze kalibu, mweleze titani, mwonyeshe hizo video. Sahihi kwenye karatasi ya operesheni safari hii ni yake. Na mtoto wa jirani aitwe aambiwe ukweli kwamba kaka aliumia na mfupa utawekwa. Watoto wakielezwa huacha kukodoa macho.

Kuhusu hela, kabla ya shamba kuna milango mingine. Nendeni ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali, ndiyo inayoshughulikia msamaha wa gharama kwa wasio na uwezo. Mwulizeni mhusika wa bima, kama mdogo wako amesajiliwa, ni sehemu gani inalipiwa: kitanda, CT, skrubu, kipandikizi. Itafuteni PF3, ile fomu ya polisi, ya ajali. Lori lile kisheria lilipaswa kuwa na bima ya mtu wa tatu, na kama kosa lilikuwa la dereva wake, mdogo wako ana haki ya kudai fidia. Wakili au msaada wa kisheria awaelekeze, na msikawie kwa sababu madai yana muda wake. Hospitali iwaandikie makadirio yaliyochambuliwa, kila kitu na bei yake, mjue kipandikizi ni kiasi gani na operesheni ni kiasi gani.

Mnunuzi wa Muheza mwambieni hakuna kusaini kitu mpaka CT imesomwa na bingwa ametoa mpango kwa maandishi. Baba mdogo, kwa mapenzi aliyoonyesha, mwambieni tiketi ya India aisahau kwa sasa, atume hela ya CT ya vipande vyembamba, nauli ya Dar ya watu wawili, dawa za kifafa za miezi mitatu, na kofia ngumu. Kofia aitume kwanza.